Mwalimu wa Kwaya Ametuacha

Ujumbe wa Katibu uliingia Jumamosi saa tatu na nusu asubuhi, Dada Bango akiwa amechutama chini ya meza anatafuta waya. Simu ilitetemeka juu ya kiti. Akaivuta kwa ncha za vidole, akasoma hukohuko chini:

"Mwalimu wa kwaya ametuacha leo asubuhi. Andaa tangazo liende kwenye kurasa zote kabla ya saa tano. Mchungaji anajua."

Aliinuka ghafla, akagonga kichwa kwenye meza, na wala hakusikia maumivu.

Chumba chake kilikuwa nyuma ya madhabahu. Zamani kilikuwa stoo ya viti vya plastiki, siku hizi kina kompyuta mbili, taa ya duara, ukuta mmoja uliopakwa rangi ya kijani kwa ajili ya kurekodia, na miksa ya sauti ambayo kila kitufe kimebandikwa plasta na kuandikwa kwa kalamu: Mchungaji, Kinanda, Kwaya, Vijana. Kila kitu kilichotoka kanisani kwenda mtandaoni kilipita mikononi mwake. Ibada ya moja kwa moja ya Jumapili, video fupi za mahubiri, majibu kwa watu walioandika kuomba maombi, na zaidi ya yote mabango. Hayo mabango ndiyo yaliyompa jina, na sasa hata mama yake mzazi alimwita hivyo.

Mwalimu wa kwaya alikuwa amelifundisha kanisa hilo kuimba kwa miaka thelathini na mmoja. Dada Bango mwenyewe alipita mikononi mwake akiwa na miaka tisa, akipigiwa rula kwenye benchi mpaka sauti ya pili ikakaa. Juzi Alhamisi walikutana kwenye korido, mzee akapita kimya kama hakumwona. Dada Bango akadhani ni macho ya uzee.

Alimpigia Katibu. Simu inatumika. Akapiga tena, inatumika. Mara ya tatu, haipatikani. Akampigia Mchungaji, ikaita mpaka ikachoka. Mwisho, bila hata kufikiri, akaipiga namba ya Mwalimu mwenyewe. Imezimwa.

"Ya marehemu tena naipigia ya nini," alijisemea, na neno hilo lilipomtoka, akakaa.

Alilia kidogo. Kisha akafanya alichozoea kufanya akizidiwa: kazi. Alikuwa na faili la tanzia, lenye mshumaa pembeni, maua meupe chini, na mstari wa Maandiko unaowekwa kila mara. Akatafuta picha. Ajabu, katika miaka yote ile hakuna aliyempiga Mwalimu picha ya maana. Alikuwa anaonekana mgongo tu, mikono juu, mbele ya kwaya. Ilibidi aisake video ya Pasaka iliyopita mpaka akapata sekunde moja mzee amegeuka anacheka, labda kuna aliyekosea. Akaikata, akaitoa rangi, ikawa nyeusi na nyeupe. Meno yalionekana yote. Juu akaandika: "Ametutangulia Mwalimu Wetu." Chini: "Taarifa za mazishi zitafuata."

Saa nne kasoro dakika tano akabonyeza.

Kanisa lile halikuwa kubwa, lakini kurasa zake zilikuwa na watu elfu kumi na nane, wengi waliokwisha kuhama na kutawanyika. Kabla hata hajafuta machozi, tangazo lilikuwa limesambazwa mara mia mbili. Maoni yalishuka kama mvua ya mawe. Mtu mmoja aliandika kuwa Mwalimu ndiye aliyemfundisha kusoma, maana alikuwa hajui herufi na alitaka kuimba. Mwingine aliandika neno moja tu, "Jamani," mara kumi na mbili.

Mlango ukagongwa.

"Hodi humu."

"Karibu," alijibu bila kugeuka, akipenga kamasi.

"Nimeleta funguo za kabati na haya majoho. Sikumkuta mtu ofisini kwa Katibu. Nikuachie wewe?"

Dada Bango aligeuka. Mlangoni alisimama Mwalimu wa kwaya, shati la mikono mirefu, mfuko mkubwa wa majoho begani, kijasho kwenye paji la uso.

Alifungua mdomo, kikatoka kitu kama mlio wa bawaba isiyotiwa mafuta. Alirudi kinyumenyume na kiti chake mpaka kikagonga ukuta wa kijani, taa ya duara ikaanguka, ikapasuka.

"Una nini, mwanangu? Mbona kama umeona mzuka?"

Macho ya Dada Bango yalikwenda kwa mzee, yakaenda kwenye kioo cha kompyuta, yakarudi kwa mzee. Mwalimu naye akayafuata. Akaushusha mfuko, akatoa miwani mfukoni, akasogea karibu. Akasoma neno kwa neno, midomo ikicheza.

"Huyu si mimi?"

"Ni wewe, Mwalimu."

"Nimekufa?"

"Saa tatu na nusu."

"Kwa ugonjwa gani?"

"Katibu hakusema."

Mzee akakaa juu ya mfuko wa majoho. Kwa mkono wa kulia akakishika kifundo cha mkono wa kushoto, akakaa hivyo, kama daktari anayempima mgonjwa asiyemwamini.

Dada Bango alikuwa ameshaanza kufuta. Alifuta ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu, kwa haraka hata mara mbili akabonyeza pasipohusika. Lakini maji yalishamwagika. Tangazo lilikuwa kwenye makundi ya kwaya za makanisa mengine, kwenye makundi ya mtaa, kwenye simu za watu ambao hata hawakumjua Mwalimu ila walipenda kupeleka habari za misiba. Kila alipofuta yeye, lilitokea kwa mwingine.

Hapo ndipo mlango uliposukumwa bila hodi, akaingia Katibu analia. Mtu mkavu yule, ambaye hata mazishini hukagua muda, alikuwa analia mpaka tai imelowa. Nyuma yake Mchungaji, simu mkononi, uso umemsawijika.

"Nimemuua mimi," Katibu alisema akiwa bado mlangoni. "Alivyotoka kwangu na ile hasira, nikajua presha imempanda. Nimeliona tangazo, Bango. Nimemuua mzee wa watu."

"Katibu," alisema Mwalimu kutoka kwenye mfuko wa majoho.

Katibu alitazama chini. Alipiga ukelele ambao kwaya nzima isingeufikia, akamkumbatia Mchungaji shingoni kama mtoto.

Ilichukua muda watu kurudiwa na akili. Katibu ndiye wa kwanza kukasirika.

"Nani alikwambia amekufa?"

"Wewe!" Dada Bango akamnyooshea simu.

Katibu akasoma ujumbe wake mwenyewe. Akausoma tena. "Nilisema ametuacha. Amejiuzulu! Ameleta barua saa tatu kamili, kaiweka mezani, kaondoka. Nilitaka tangazo la kumshukuru na kutafuta mwalimu mwingine. Nikazima simu niandike muhtasari. Ningetaka kusema amefariki, ningesema amefariki!"

"Katibu, ndugu yangu," alisema Mchungaji taratibu, "kwa Kiswahili hicho, hata mimi ningeanza kuchimba kaburi."

Hakuna aliyecheka. Mchungaji akachuchumaa mbele ya Mwalimu. "Barua? Katibu kaniambia tu kwamba unataka kupumzika. Unatuacha kwa nini, mzee wangu?"

Mwalimu alimtazama Dada Bango, si Mchungaji.

"Jumatano nilikwenda kumwona yule mama wa sauti ya tatu, anayeumwa mgongo. Miezi minne hajashuka kitandani, ibada anaifuata kwa simu. Akaniuliza, 'Mwalimu, mbona siku hizi hamwimbi?' Nikamwambia tunaimba kila Jumapili, simu yako ni mbovu. Akanipa nisikilize. Nikaiweka sikioni. Watu arobaini na wawili wamesimama, wanafungua midomo. Wanasikika vijana watatu tu. Wangu hakuna hata mmoja. Mmewazima."

Ilikuwa kweli. Miezi mitano nyuma Katibu alikuja na takwimu kwamba watazamaji wanatoka wazee wakianza kuimba, akasema wa kanisani watasikiana wenyewe, wa mtandaoni wawekewe wale vijana watatu wenye sauti nyororo. Tangu siku hiyo, kila Jumapili, kwaya ikisimama, Dada Bango alikishusha kitufe chao mpaka chini kwa kidole kimoja. Alijiambia ni ufundi. Hakuwahi kumwambia mtu.

"Ni mimi, Mwalimu," alisema.

"Najua ni wewe. Ndiyo maana sikukusalimia Alhamisi."

Mchungaji aligeuka. "Sijui habari hii." Akamtazama Katibu. "Sijui kabisa habari hii."

Katibu alikuwa anajifuta uso. Simu mkononi mwa Mchungaji ikalia, na alipoipokea, sauti ya jirani wa Mwalimu ilisikika chumba kizima: wamevunja kitasa, wamemtafuta marehemu kila chumba hawamwoni, je, kanisa limeshampeleka hospitali gani?

"Mwambie kitasa hicho ni kipya," alisema Mwalimu.

Wakati huo Dada Bango alikuwa amefungua kisanduku cha ujumbe cha kanisa, apate kuwajibu watu mmoja mmoja. Kulikuwa na ujumbe mia na ishirini. Aliujibu wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wa nne akausoma mara mbili.

"Shikamooni. Mimi ni binti wa Mwalimu wa kwaya. Nimeona kwenye simu. Niambieni mwili uko wapi. Nimeshapanda basi na mwanangu, tutafika saa kumi na moja jioni. Nawaomba sana msimzike kabla sijafika. Nina neno nataka nimwambie."

Aliusoma kwa sauti, kwa sababu hakujua afanye nini kingine.

Mwalimu alinyanyuka, akakaa tena. "Amekuandikia wewe?"

"Ameliandikia kanisa."

Kila mzee wa kanisa alikijua kisa kile. Miaka minane iliyopita binti alichumbiwa na mtu ambaye baba hakumtaka, mtu wa dhehebu jingine, fundi wa majokofu. Mzee akasema hatakanyaga harusini, na hakukanyaga. Kilichoumiza zaidi ni kwamba siku hiyohiyo, saa ileile, alikuwa akiongoza kwaya kwenye harusi ya binti wa mtu mwingine. Video ikawekwa mtandaoni. Bibi harusi aliiona akiwa bado amevaa gauni. Tangu hapo hapakuwa na salamu wala barua, na habari kwamba ana mjukuu, mzee alizisikia kwa watu tu.

"Mjibu upesi," alisema Mchungaji. "Mwambie baba yuko hai."

Dada Bango aliandika. Ujumbe ulikwenda, haukufunguliwa. Wakaipiga namba iliyokuwa kwenye ukurasa wake, imezimwa. Wakapiga kampuni ya basi, wakapewa namba ya kondakta, nayo haikupatikana.

"Tuingie hewani," Dada Bango alisema. "Moja kwa moja, sasa hivi. Labda atawasha simu."

Walimkalisha Mwalimu mbele ya ukuta wa kijani. Taa ilikuwa imepasuka, wakafungua dirisha. Dada Bango akahesabu kwa vidole, tatu, mbili, moja.

"Ndugu zangu," alisema Mwalimu kwa kamera, "mimi ndiye marehemu. Sijafa. Kumetokea makosa ya lugha."

Watu mia tisa walikuwa wanatazama. Maoni yakaanza kupanda, na Dada Bango akayasoma.

"Pumzika kwa amani Mwalimu, hata video zako za zamani zinatufariji."

"Kumbe alijua atakufa, akarekodi kabisa. Mtu wa Mungu."

"Siku hizi kompyuta inamfufua yeyote. Kanisa acheni mzaha na wafu."

"Hawaamini," Dada Bango alinong'ona.

"Wanataka nini?"

"Wanasema ni video ya kutengenezwa."

Mzee alikasirika kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Akaisogelea kamera mpaka pua ikajaza kioo. "Wewe uliyeandika kompyuta inamfufua yeyote! Leo ni Jumamosi, ni saa tano kasoro dakika nane, na huyu hapa ni Katibu wenu, macho yamemvimba kwa kunililia!" Akamvuta Katibu kwa tai mpaka akaonekana. "Kompyuta inaweza hivyo?"

Hapo wengine wakaamini. Wengine hawakuamini mpaka wiki ya pili. Binti hakuwa miongoni mwa watazamaji. Ujumbe aliopelekewa ulibaki na alama moja tu, mchana kutwa.

Saa kumi walikuwa stendi ya mabasi, wanne. Mwalimu alikataa kukaa. Alisimama kwenye zege, mikono nyuma, akitazama kila basi lililoingia. Dada Bango alimnunulia maji, akayashika bila kuyafungua.

"Nitamwambia nini?" aliuliza mara moja, bila kumwelekea mtu.

Basi liliingia saa kumi na moja na robo. Walishuka wafanyabiashara na vifurushi vyao, wanafunzi, mwanamke mwenye kuku. Kisha akashuka mama wa miaka thelathini na kitu, kitambaa cheusi kichwani, macho mekundu kama pilipili, amemshika mkono msichana wa miaka sita. Aliweka begi chini ili ajifunge vizuri kitambaa. Akainua uso.

Baba yake alikuwa hatua nne mbele yake.

Hakupiga kelele. Rangi ilimtoka usoni, kitambaa kikamponyoka, akaketi palepale juu ya begi. Mtoto alimtazama mama, akamtazama mzee.

"Mama, huyu ndiye babu aliyekufa?"

"Mwanangu," alisema Mwalimu.

Sauti hiyo ndiyo iliyomwamsha binti. Alisimama, na kilichokuja usoni hakikuwa furaha.

"Mmenichezea," alisema. "Miaka minane hukuninyanyulia simu, ukaona unitoe kwangu kwa kifo? Nimelia njia nzima, baba. Watu wasionijua wamenishika mkono. Mtoto wangu nimemfundisha ndani ya basi namna ya kuaga maiti." Akaliokota begi. "Basi linalorudi linaondoka saa ngapi?"

Dada Bango alipita mbele ya wazee. Alikuwa amejiandalia maneno mengi, yote yakamkimbia. Akapiga magoti kwenye zege lenye mafuta ya magari.

"Dada, yeye hana kosa. Mimi ndiye niliyemtangaza. Nililisoma neno vibaya, nikakimbilia kubonyeza. Yeye mwenyewe aliliona tangazo lake kwenye kompyuta yangu. Tumekutafuta mchana kutwa. Nipige ukitaka."

Binti alimwangalia, kisha akamgeukia Katibu, ambaye aliitikia kwa kichwa na kusema kwa sauti ndogo, "Na neno lenyewe niliandika mimi."

"Nyinyi ni kanisa au ni kikundi cha maigizo?" aliuliza. Mchungaji akainamisha uso.

Basi lilikuwa linafagiliwa. Mwalimu alizipiga zile hatua nne. Akiwa karibu vile, alionekana mfupi kuliko binti yake.

"Uliandika kwamba una neno la kuniambia," alisema.

"Nilikuwa na neno la maiti. La mtu aliye hai sijaliandaa."

"Basi niambie hilohilo. Nitanyamaza."

Binti alitikisa kichwa. Midomo ilikuwa inamcheza. "Siwezi. Unanitazama."

Mzee akafumba macho. Alisimama hivyo katikati ya stendi, mikono imelala ubavuni, makuli wakimpita na mizigo, honi zikilia. Binti alisogea, akaweka mdomo karibu na sikio lake, akasema alichosema. Hakikuwa kirefu. Dada Bango, aliyekuwa bado amepiga magoti, hakusikia ila aliuona uso wa Mwalimu, na akajua kuwa lile halikuwa neno la kusamehe. Lilikuwa lile neno ambalo mtu hulibeba miaka minane kwa kukosa pa kulitua. Machozi yalimtoka mzee kwenye macho yaliyofumbwa, na hakuyafuta, kwa kuwa aliahidi kunyamaza.

Binti alipomaliza, alilishusha begi.

"Mtoto ana njaa," alisema. "Kwako kuna chakula?"

"Kipo. Ila mlango hauna kitasa."

Jumapili yake Dada Bango alisimama mbele ya kanisa na mbele ya kamera, akasema yote mawili, la tanzia na la kitufe. La tanzia watu walilisamehe kwa kicheko. La kitufe halikuchekesha. Wanakwaya wawili walitoka nje akiwa bado anazungumza, na mmoja wao hajarudi mpaka leo. Katibu naye alisimama, akasema agizo lilikuwa lake. Halafu kwaya ikaimba bila mwalimu, ikakimbia mbele ya kinanda, na kila sauti ikasikika, nzuri na mbovu. Watazamaji mia moja na kitu waliondoka kabla ya ubeti wa pili. Dada Bango aliitazama namba ikishuka, mikono ameikalia.

Mwalimu alikuwa benchi la nyuma na binti na mjukuu, kama mgeni. Barua yake hakuiondoa. Jumanne alipanda basi pamoja nao, kwenda kumwona mkwe wake kwa mara ya kwanza, amebeba kibegi kidogo na maembe kwenye mfuko. Dada Bango aliwasindikiza. Binti alimpa mkono kwenye ngazi ya basi, mkono wa baridi, lakini aliutoa.

"Utarudi, Mwalimu?" Dada Bango aliuliza kupitia dirishani.

"Sijui, mwanangu." Mzee alikuwa anamfunga mjukuu mkanda. "Kwanza nikaonwe na mkwe. Anaweza akasema alinipenda zaidi nilipokuwa nimekufa."

Binti, upande wa pili wa kiti, aligeuza uso dirishani. Mabega yalikuwa yanamtikisika, na Dada Bango hakuweza kujua kama analia au anacheka, kwa sababu basi lilikuwa limeshaanza kuondoka.